Kutoka Mkaja hadi Kisu: Usalama wa Upasuaji wa Kuondoa Mafuta

Hapa Galbet, mama akijifungua hupewa siku arubaini zake. Huletewa supu ya mbuzi na maziwa ya ngamia, hukandwa mwili, na tumbo lake hufungwa kwa kitambaa. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa hukiita kitambaa hicho mkaja. Siku zikitimia hutoka ndani akiwa amefukizwa, mtoto mkononi, na hakuna anayemwuliza kwa nini tumbo lake si lile la usichana.

Leo swali hilo linaulizwa, na mwulizaji mara nyingi ni simu iliyo mkononi mwake mwenyewe. Humo hutazama picha za kabla na baada, bei, na ahadi ya kurudi nyumbani siku ile ile. Nairobi iko mbali kiasi cha kilomita 370, lakini basi lipo kila siku, na kwa mwanamke wa Garissa safari ya Islii kufuata bidhaa haimshangazi mtu. Basi dada huaga kwamba anakwenda kununua nguo, na moyoni anajua anakwenda kupasuliwa.

Hatuandiki kumlaumu. Kupenda kupendeza ni maumbile, na tumbo lililobeba mimba 6 au 7 lina uzito ambao asiyelibeba hawezi kuupima. Tunachotaka kueleza ni kwamba hatari ya upasuaji huu haibaki pale mezani kwa daktari. Hufuatana na mwanamke njiani hadi nyumbani, na siri ndiyo inayoifungulia mlango.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika kunyonya mafuta, daktari hutoboa vitundu vidogo, akajaza chini ya ngozi maji yenye chumvi, dawa ya ganzi na adrenalini ya kupunguza damu, kisha akaingiza mrija wa chuma na kuyavuta mafuta. Kukaza tumbo ni jambo jingine na ni zito zaidi: ngozi hukatwa kutoka nyonga hadi nyonga, misuli iliyoachana kwa sababu ya mimba hushonwa pamoja, na ngozi iliyozidi huondolewa. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na kuchanganya huko kunagharimu, kwa maana kunyonya mafuta hakukazi ngozi. Ngozi iliyokwisha kulegea, ikiondolewa kilichoijaza, huweza kuning'inia kuliko awali.

Wala si tiba ya unene. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu wanawake 15 wanene, ambao kila mmoja alinyonywa takriban kilo 10 za mafuta. Wiki kadhaa baadaye, shinikizo la damu na hali ya sukari mwilini havikuwa vimepata nafuu. Mafuta yanayodhuru moyo yamejificha ndani zaidi, yakizunguka matumbo, na mrija ule hauyafikii.

Sasa tuje kwenye madhara. Dawa ya ganzi ikizidi kipimo huweza kuuvuruga moyo, na kiwango chake katika damu hufikia kilele saa nyingi baada ya upasuaji, pengine usiku, wakati kliniki imefungwa. Mrija ukipotea njia huweza kutoboa utumbo, na mgonjwa asijue mpaka siku ya pili au ya tatu, homa ipande na tumbo liwe gumu kama ubao. Damu huweza kuganda mguuni na bonge lake kupanda hadi mapafuni. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwauliza madaktari wa upasuaji kuhusu watu karibu 500,000 walionyonywa mafuta, na ukapata vifo 95. Bonge la damu mapafuni lilikuwa sababu iliyoongoza. Hesabu hiyo ni ndogo kwa mwenye kuitazama kwa mbali. Lakini hawa walikuwa watu wazima wa afya, waliokwenda kwa miguu yao wenyewe kutafuta umbo.

Yako mabaya zaidi ya hayo. Mafuta yaliyonyonywa tumboni siku hizi hudungwa makalioni ili kuyakuza, na yakiingia katika mshipa mkubwa wa damu huweza kuua papo hapo. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wausimamishe kabisa upasuaji huo.

Kenya nayo imeonja msiba huu. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya upasuaji wa namna hii. Oktoba 2024 mwingine alikwenda kliniki ya urembo huko huko, akapata madhara, akapelekwa hospitali kubwa na kufia huko. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Hatuwataji marehemu, wana watoto na wazazi, na Mwenyezi Mungu awarehemu.

Turudi kwenye basi letu. Mwanamke aliyepasuliwa jana ameketi saa sita au zaidi kwenye kiti chembamba, magoti yamekunjwa, hanywi maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Mtu akitaka kugandisha damu mguuni hana haja ya kutafuta njia nyingine. Madaktari wa upasuaji huo nchini Uingereza huwaambia wanaopasuliwa ng'ambo wasipande ndege kabla ya siku 5 hadi 7 baada ya kunyonywa mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya kukazwa tumbo. Basi la Garissa si ndege, lakini miguu iliyokunjwa ni ile ile. Kisha anafika nyumbani, na kwa kuwa hakumwambia mtu, homa inapoanza mamake anadhani ni malaria na wifi anamletea chai ya tangawizi. Saa zinazopotea hapo ndizo zingalimwokoa.

Njia zisizo na kisu zina hatari ndogo zaidi, ila hazikosi. Kugandisha mafuta kwa baridi huweza kufanya kinyume, mafuta yakawa magumu na kukua. Mwanamitindo Linda Evangelista alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba ndilo lililompata. Mashine za joto na miale za kukaza ngozi huweza kuunguza, na ngozi zetu nyeusi hushika mabaka na makovu ya kuvimba upesi kuliko nyeupe. Sindano za kuyeyusha mafuta zinazouzwa mitandaoni ndizo tunazoziogopa kuliko zote katika kundi hili. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2015 dawa moja ya aina hiyo, nayo ni ya chini ya kidevu tu. Mwaka 2023 ikaonya kuhusu zile zisizoidhinishwa, kwamba zimewaachia watu makovu na maambukizi.

Wengi hutuuliza hukumu ya dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, liliruhusu kunyonya mafuta pale uzito unapokuwa maradhi, pasiwepo njia nyingine isipokuwa upasuaji, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Kukunjua makunyanzi kwa upasuaji au sindano halikukuruhusu ila kwa maradhi. Hali ya mtu mmoja mmoja aipeleke kwa mwanachuoni anayemwamini, na aende na maelezo ya daktari mkononi, maana asiyejua maradhi hawezi kuyatolea hukumu.

Aliyekwisha kuamua, basi asiende peke yake. Kuwa na mumewe, mamake au dadake kando ni sitara, na pia ni ulinzi. Jina la daktari na la kliniki yatafutwe katika orodha ya Baraza kabla ya kulipa shilingi, na si kliniki tu iwe na leseni, bali daktari mwenyewe awe bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Aulize ni nani atakayempa nusukaputi, na kama kuna mashine ya oksijeni. Aulize mafuta kiasi gani yatatolewa. Yakipita lita 5, apaswa kulala hospitalini chini ya uangalizi. Aulize atalala wapi Nairobi wiki ile ya kwanza. Na kabla ya kuondoka aombe karatasi iliyoandikwa alichofanyiwa na dawa alizopewa, aiweke kwenye mkoba pamoja na tiketi, ili akikimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Garissa usiku wa manane kwa homa, maumivu ya kifua, pumzi kukatika au mguu mmoja kuvimba, daktari wa zamu asome na aanze kazi.