Bundi wa Liverpool
Sehemu ya pili: nembo za studio zilizofungwa

Juma lililopita tuliishia pale michezo ya kompyuta ilipohama kwenye kaseti ikaingia kwenye diski. Leo tumtazame bundi.

Aliyewasha kompyuta ya Amiga mwishoni mwa miaka ya 1980 na kutia diski ya Psygnosis alikutana na ndege huyo kabla ya mchezo wenyewe, pamoja na jina la kampuni. Mbunifu wake ni Roger Dean, Mwingereza aliyechora majalada ya santuri za bendi ya Yes. Psygnosis ilianzishwa Liverpool mwaka 1984, baada ya kampuni ya Imagine ya mji huohuo kufilisika.

Nembo hizo hazikuwa urembo mtupu. Diski ya Amiga ilibeba kilobaiti 880, na kuisoma kulikawia. Picha ndogo husomwa upesi, hivyo ilitangulizwa ili mchezaji awe na cha kutazama huku mashine ikiendelea kuvuta yaliyosalia. Hata mwendo uliweza kupatikana kwa bei rahisi: unabadilisha rangi zilizomo kwenye orodha ya kompyuta, picha yenyewe huigusi, na mwanga unaonekana kutembea juu ya herufi zilizotulia. Ufundi huo wa kubana matumizi nauheshimu kuliko filamu ndefu za utangulizi zilizokuja na CD.

Lakini bundi alikuwa na kazi ya pili, na hapa lazima niwatetee waliosahauliwa. Shadow of the Beast ya mwaka 1989 ilitengenezwa na Reflections. Lemmings ya 1991 ni kazi ya DMA Design, kutoka Dundee huko Scotland. Psygnosis walikuwa wachapishaji. Hata hivyo, wachezaji wengi wa enzi hizo huziita zote michezo ya Psygnosis, kwa sababu anayeonekana kwanza ndiye anayekumbukwa.

Kisha zamu ikawafikia Psygnosis wenyewe. Sony iliinunua kampuni mwaka 1993. WipEout, iliyotengenezwa Liverpool kwelikweli, ilitoka mwaka 1995 PlayStation ilipoingia Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la zamani liliachwa, nyumba ikaitwa Studio Liverpool, na bundi akaondoka. Studio ilifungwa Agosti 2012. DMA Design, waliokuwa nyuma ya bundi, leo ndio Rockstar North, watengenezaji wa Grand Theft Auto.

Juma lijalo: namna diski hizo zinavyohifadhiwa kabla sumaku yake haijafifia.