Wakimbiaji Wetu Ughaibuni (5): Mgeni wa Msimu Ahesabiwe kwa Umri au kwa Msimu?

Makala iliyopita iliishia El Paso, Texas, pale kocha Ted Banks alipokuwa akikusanya wakimbiaji wa Afrika katika chuo kikuu cha UTEP. Leo ilikuwa zamu ya mbio za ukumbini za New York, Februari 1981, ambako Suleiman Nyambui aliweka rekodi ya dunia ya ukumbini ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 20.4. Habari mbili zimenipindisha njia. Ya kwanza ni ubishi unaorudi kila msimu wa tuzo za shirikisho letu la soka, TFF, ambao hapa Songea hauna kijiwe usikofika: nani hasa anastahili kuitwa mchezaji bora chipukizi? Ya pili inatoka mbali, kwenye hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani. Tangu tarehe 1 Agosti 2025, wachezaji waliopita ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kuchezea vyuo hivyo, jambo walilozuiwa kwa miongo kadhaa, na sasa Wamarekani nao wanabishana kuhusu tuzo ya mgeni bora wa msimu. Ubishi wao na wetu ni mmoja, na mtu aliyefuatilia maisha ya Nyambui ameshaukuta zamani.

Katika hoki ya vyuo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi ana miaka 20 au 21. Akimaliza sekondari hucheza kwanza ligi za vijana misimu miwili au mitatu, mwili ukakomaa, ndipo aingie chuo. Pembeni yake kwenye benchi anakaa kijana wa miaka 17 aliyetoka kwao juzi. Aprili 2024 kijana wa namna hiyo, Macklin Celebrini wa Boston University, alitwaa tuzo ya Hobey Baker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika hoki ya vyuo, naye ndiye mdogo kuliko wote walioipata. Kabla yake ni wanafunzi watatu tu wa mwaka wa kwanza walioibeba: Paul Kariya mwaka 1993, Jack Eichel 2015 na Adam Fantilli 2023. Sasa chukua mwaka ambao hakuna kipaji cha ajabu kama hicho. Yupo wa miaka 21 mwenye mabao mengi, na yupo wa miaka 18 mwenye mabao machache kidogo. Wote ni wageni. Tuzo aibebe nani?

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko wanaoupigana. Mwaka 1958 ligi ya hoki ya vyuo vya magharibi ilivunjika kwa sababu vyuo vinne, vikiwemo Michigan na Minnesota, vilikilaumu Chuo Kikuu cha Denver kwa kusajili Wakanada waliokwisha kuwa watu wazima. Hata ligi ya kulipwa, NHL, iliguswa. Mwaka 1990 tuzo yake ya mgeni bora ilikwenda kwa Sergei Makarov, Mrusi wa miaka 31 mwenye medali mbili za dhahabu za Olimpiki, za 1984 na 1988. Kwa NHL alikuwa mgeni kweli, kwani ulikuwa msimu wake wa kwanza huko, ila watu walipiga kelele. Baada yake ikawekwa kanuni kwamba anayewania tuzo hiyo awe hajafikisha miaka 26 ifikapo tarehe 15 Septemba ya msimu husika. Naiona kanuni ya haki, kwa sababu ilieleza wazi inampima nani, na haikumnyang'anya Makarov alichokwisha kupata.

Turudi kwa Nyambui, maana ndiye aliyenifanya nianze kuandika makala hizi. Alizaliwa Majita, Musoma, mwaka 1953. Alipotwaa ubingwa wake wa kwanza wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000, mwaka 1979, alikuwa na miaka 26. Akautwaa tena 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo. Wenzake wa mwaka wa kwanza walikuwa vijana wa miaka 18 waliotoka sekondari za Ohio na Oregon. Malalamiko yalikuwa mengi, na mtu asiyejua Tanzania ya wakati ule angeweza kuyaona ya haki.

Tanzania ya wakati ule ilikuwaje? Kabla ya Azimio la Musoma la 1974, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, mtoto wa kijijini angeweza kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa au kumi. Shule zilikuwa chache, ng'ombe walihitaji mchungaji, na karo ilikuwa mzigo kwa mzazi. Tena mwanariadha wetu hakuwa na chuo hapa nyumbani kilichokuwa tayari kumpa nafasi ya kusoma kwa sababu ya miguu yake. Na mwaka 1976, Nyambui alipokuwa na miaka 23, nchi yetu ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini. Ilikuwa heshima kubwa kwa taifa, na gharama yake walilipa wanariadha. Kijana wa Oregon hakudaiwa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo Nyambui alifika El Paso amechelewa kwa sababu za nchi nzima, na umri wake hakuwahi kuuficha.

Tarehe 1 Agosti 1980 huko Moscow, akiwa bado mwanafunzi, alikimbia fainali ya mita 5,000. Miruts Yifter wa Ethiopia alichomoka kwenye mzunguko wa mwisho akamaliza kwa 13:20.91. Nyambui akamfuata kwa 13:21.60 na kupata fedha, siku moja baada ya Filbert Bayi kupata fedha ya kuruka viunzi na maji. Hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Umri wa Yifter mwenyewe ulibishaniwa dunia nzima, ila hakuna aliyemvua dhahabu yake, kwani Olimpiki haikuuliza umri. Iliuliza nani kafika wa kwanza.

Vyuo vya Marekani viliamua vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama kinachosimamia michezo yao, NCAA, kilipitisha kwamba kila mwaka ambao mtu alicheza mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, hata kama ni nje ya chuo, utakatwa kwenye misimu yake minne. Wengi waliiona kuwa ni kanuni ya kuwazuia Waafrika wa riadha, lakini iliwakuta na Wakanada wa hoki. Mmoja wao, aliyesoma Chuo Kikuu cha Lowell, aliipeleka mahakamani, na mwaka 1984 akashindwa. Ndiyo maana nasema barafu na vumbi vimeshakutana.

Hapa kwetu tuna tatizo baya zaidi ya uzee wa mgeni. Tuna vijeba, watu wazima wanaojiandikisha kama watoto. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 nchini Gambia, wakaondolewa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2017 sisi tukaenda Gabon kwa sababu Congo Brazzaville waliondolewa kwa kosa la namna hiyo hiyo. Tulishangilia, na sikusikia wengi wakikumbuka 2005. FIFA ilianza kupima vifundo vya mikono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009 huko Nigeria. Mwisho wa mfupa wa mkono, karibu na kiganja, una tabaka la gegedu ambalo ndilo linalourefusha. Kijana akikomaa gegedu hugeuka mfupa, na ule mstari mweusi unaoonekana kwenye picha hupotea kabisa. Mstari ukishapotea, si rahisi huyo akawa bado hajafika 17.

Lakini mashine inafika kwa wachache, tena mwishoni. Uongo huanzia kwenye fomu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: picha ya pasipoti imebandikwa vizuri kwa gundi, na tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa imekwanguliwa kwa wembe hadi karatasi ikaonyesha mwanga upande wa pili. Fomu kama hiyo nimewahi kuishika, ikiwa na mhuri wa shule. Mwalimu aliyeipiga mhuri alimwibia mtoto wa miaka 15 aliyebaki nyumbani, na akamfundisha yule kijeba kwamba jina na tarehe ya mtu ni vitu vya kuuza. Sajili ya shule na cheti cha kuzaliwa cha RITA vikiwa vya kweli, ubishi wetu wote wa tuzo unakuwa mwepesi.

Kuhusu tuzo yenyewe, msimamo wangu ni huu. Mtu wa miaka 23 aliyepanda na timu yake kutoka daraja la chini na kung'ara msimu wake wa kwanza anastahili kuheshimiwa kama mgeni, kama Tukuyu Stars walivyoheshimiwa mwaka 1986 walipopanda na kubeba ubingwa hapo hapo. Kijana wa miaka 19 aliye kwenye msimu wa tatu ni mdogo, lakini mgeni si yeye tena. Ziwe tuzo mbili, na ya mgeni iwekewe ukomo wa umri unaotangazwa kabla ligi haijaanza. Ya vijana ilishawahi kupewa jina la Ismail Khalfan, yule mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao aliyeanguka uwanjani Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016 na kufariki. Jina hilo lisipewe mtu mwenye cheti cha kughushi. TUSA nayo ianze tuzo ya mwaka wa kwanza kwenye michezo ya vyuo vikuu, kwa kuwa huko orodha za wanafunzi zipo na zinasomeka.

Toleo lijalo tutarudi kwenye mbio: Brisbane, 1982, ambako Gidamis Shahanga na Zakaria Barie walichukua dhahabu na fedha za mita 10,000, na Juma Ikangaa akachuana na Robert de Castella hadi kilomita za mwisho za marathoni.