Bustani ya klabu isife kwa sababu ya likizo

Kama uko kwenye klabu ya 4K shuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, hadithi hii unaijua. Muhula unaanza kwa mbwembwe, majembe yanagombaniwa, kisha likizo inafika na sukuma zinanyauka. Mkirudi mnaanza tena sifuri, na wengine wanachoka na kujitoa.

Dawa ni kuupa kila mwezi kazi yake. Februari, limeni na kuchanganya samadi iliyooza, huku miche ikikua kitaluni. Machi, mvua ya masika ikianza, hamisheni miche. Likizo ya Aprili mvua itawanyunyizia bure.

Mtihani ni Agosti, sehemu nyingi zikiwa kavu. Kwa hivyo Juni pandeni terere, ambayo huwa tayari kwa takriban mwezi mmoja, muivune kabla ya kufunga shule. Sukuma zinazobaki, zifunikeni udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee, na wanaoishi karibu na shule wapangiane zamu za kunyunyiza maji.

Na matembezi je? Chagueni safari moja kila muhula, kama vile maonyesho ya kilimo ya ASK. Nauli mnaweza kuichanga kwa kuwauzia walimu mboga. Lakini msiende kuzurura tu na kupiga picha! Kila mmoja abebe swali moja kuhusu bustani yenu, na kwenye mkutano unaofuata alete jibu.

Hebu anza leo: mwombe mlezi wa klabu karatasi kubwa, uchore miezi 12, kisha uibandike ukutani.