Romania: Panciu, mji wa divai uliobomoka usiku mmoja

Anayefika Panciu, katika jimbo la Vrancea, mashariki mwa Romania, haoni majumba mengi ya zamani. Mizabibu imelimwa kwenye vilima hivi kwa karne nyingi, lakini nyumba nyingi za mji ni za juzi tu. Sababu ni tarehe moja: 10 Novemba 1940.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa na dakika 39 usiku, watu wamelala. Tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.7 lilitikisa nchi nzima. Katika mji mkuu, Bucharest, jengo refu la Carlton, ambalo halikuwa limemaliza hata miaka kumi, liliporomoka na kuwafunika wakaaji wake. Panciu, iliyokuwa karibu na kitovu, ilibomoka karibu yote.

Mji huo ulikuwa umekwisha kuonja mabaya mengine. Mwishoni mwa karne ya 19, filoksera, mdudu mdogo aliyetoka Amerika, alishambulia mizizi ya mizabibu nchini Romania. Wakulima walipanda upya, wakipandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kiamerika yanayomstahimili mdudu huyo. Kisha mwaka 1917 wanajeshi wa Romania na Urusi walipambana na Wajerumani huko Mărășești, jirani kabisa, na vita vikafika hadi Panciu.

Kwa nini basi watu hawakuhama? Kilimo cha mizabibu hakihamishwi kama duka. Mzabibu unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na vilima vya pale, chini ya milima ya Carpathia, vinaufaa.

Panciu inajulikana hasa kwa divai yenye mapovu. Sisi tungeiita shampeni, lakini barani Ulaya jina hilo ni la jimbo la Champagne, Ufaransa, peke yake. Divai hutiwa sukari na chachu, ikachacha mara ya pili ndani ya chupa, na hewa yake ikabaki humo. Kazi hiyo inataka ubaridi usiobadilika, ndiyo maana chupa hulazwa katika mapishi yaliyochimbwa chini ya ardhi.

Wakati wa ukomunisti mashamba mengi yalishikwa na serikali na vyama vya ushirika. Sheria ya mwaka 1991 ilianza kuyarudisha kwa familia. Ardhi ya Vrancea, yenyewe, haijatulia: tetemeko la tarehe 4 Machi 1977 liliua zaidi ya watu 1,500 nchini, wengi wao Bucharest. Mwezi wa Septemba mwaka huo, kama kawaida, zabibu zilikuwa tayari kuvunwa.