Ghala la Chini ya Udongo

Leo tuzungumze habari za vijiji vya ndani vya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Sivisemi vile vilivyo kando ya lami, ambavyo watu wa mjini huvipita kwa gari. Nasema vya huko Mzenga, Maneromango na Marumbo, kwenye njia za mchanga, ambako masika yakishika hata baiskeli huisukuma kwa mkono. Wewe unayeishi huko unayajua maisha yake kuliko mimi. Lakini limo jambo moja linalowatia watu njaa huku shamba likionekana zima.

Mgeni akiingia kijiji cha Kizaramo huuliza, "Mbona hapa hakuna maghala?" Anaona nyumba za miti na udongo, nyingine za makuti, nyingine za bati. Anaona minazi, miembe, mikorosho na kuku. Kihenge haoni, au akikiona ni kidogo, cha mahindi ya jikoni tu. Hajui kwamba ghala amelipita njiani akija, nalo ni shamba la muhogo.

Mahindi ya masika huvunwa, huliwa, yakaisha. Ya vuli hupatikana mvua ikipenda. Isipopenda mtu huvuna mabua. Kinachomvusha mwanakijiji kuanzia Februari mpaka mahindi mapya yakomae ni muhogo uliosimama shambani. Mama huenda akang'oa mashina machache kwa siku: ya kuchemsha kwa chai asubuhi, ya bada jioni, na majani yake ni kisamvu. Ukifika mwezi wa Ramadhani, ndiyo futari yenyewe. Ghala hilo halitaki gunia, halina panya wala fukusi. Udongo wa Kisarawe sehemu kubwa ni kichanga, haushiki rutuba, na muhogo huuvumilia. Wazee walioweka chakula chao namna hii walikuwa na akili sana.

Sasa ndugu yangu, ugonjwa wa michirizi ya kahawia umeingia katika ghala hilo hilo. Ni wa siku nyingi. Wataalamu wa kituo cha Amani, mkoani Tanga, waliueleza mwaka 1936. Usiuchanganye na batobato. Batobato hukunja majani na kudumaza mmea, hata mtoto ataona kwamba mhogo huu ni mgonjwa. Michirizi ya kahawia ina hila. Majani machanga ya juu huwa mazuri, shina limesimama, shamba linapendeza. Dalili ziko majani ya chini yaliyokomaa, yenye mabaka ya manjano kufuata mishipa, na wengi tukiyaona husema ni uzee wa jani. Wakati mwingine pia huonekana michirizi ya rangi ya kahawia kwenye sehemu ya kijani ya shina. Kwenye kiazi chenyewe, ukikipasua, unakuta nyama imekauka na kuwa ngumu kama gome, yenye rangi ya kahawia. Sehemu hiyo hailiki, na chache ukizikata, nyingi utazikata mpaka kiazi kiishe.

Tena kiazi kilichoambukizwa kikizidi kukaa ardhini, kuoza nako huzidi. Maana yake ile akili ya wazee, ya kuacha muhogo udongoni na kuchimba kidogo kidogo, ndiyo inayoupa ugonjwa nafasi.

Tufanye hesabu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, ekari moja huchukua mashina kama 4,000. Basi mwenye nusu ekari ana mashina 2,000. Kama nyumba yake hung'oa mashina 6 kwa siku, ana chakula cha siku 333, karibu mwaka mzima. Nusu yake ikiwa imeoza, ana siku 166. Naye hajui! Analala akijihesabia mwaka, ndipo Machi jembe linamwambia vingine, wakati mahindi bado yako magotini.

Zamani ilikuwapo nguzo ya pili, korosho. Mavuno yake huanguka mwishoni mwa mwaka, na fedha yake ilinunua unga wa miezi mibaya. Lakini Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaacha wengi mbali na mikorosho yao ya zamani, bei ikawa haivutii, na ubwiri unga ukashambulia maua. Nchi nzima iliyokuwa imevuna zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Zao lilifufuka baadaye kwa salfa na miche mipya, lakini si kila nyumba ina mikorosho ya kuitegemea.

Basi ghala likiwa tupu mtu hukimbilia wapi? Msituni, kuchoma mkaa. Dar es Salaam iko jirani, na mkaa haukosi mnunuzi. Nami sitakuja hapa kumtukana baba mwenye watoto wenye njaa. Ila atazame: katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Siku za kukata, kupanga, kufukia na kulinda moto usipasue ndizo siku za kulima na kupalilia. Mvua inamkuta tanurini. Mwaka ujao ghala ni dogo zaidi.

Mwingine huuza kipande cha shamba kwa mtu wa mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Karatasi ya kuandikiana chini ya mwembe baina ya watu wawili, na njaa ikiwa shahidi wa tatu, haitoshi.

Tufanyeje, basi? Mhogo ukifika miezi 8, usingoje Februari. Chimba mashina kumi hapa na pale shambani, si ya pembeni tu, upasue kila kiazi kwa kisu. Ukikuta rangi ya kahawia, vuna mapema sehemu hiyo, ufanye makopa. Menya, kata vipande, anika kwenye jua mpaka vikivunjwa vilie. Watu wa Gunung Kidul, kwenye vilima vya chokaa vya kisiwa cha Java huko Indonesia, hufanya vivyo hivyo. Makopa yao huitwa gaplek, na ugali wake ndio uliowavusha miaka mingi ya ukame.

Kama mhogo wako ni ule mchungu, unaopandwa kwa ajili ya nguruwe mwitu na ngedere, uloweke siku 3 kabla ya kuanika. Najua kazi hiyo humwangukia mama, na kiangazi dumu moja la maji hutoka mbali. Hata hivyo sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, ukiliwa wiki nyingi bila maharage wala samaki, inaweza kupoozesha miguu, na haiponi. Baba naye achukue dumu.

Halafu pando. Ugonjwa huu huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini safari zake ndefu tunausafirisha sisi wenyewe, mabegani. Chukua pando kwenye shina ambalo viazi vyake umevipasua ukaviona vyeupe, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Mbegu ya Kiroba huvumilia michirizi. Kuvumilia, sikusema haiugui. Nyingine zinazovumilia, waulize TARI Kibaha kupitia kwa bwana shamba wako.

Mkweo akikuletea mzigo wa pando, pokea kwa mikono miwili, mshukuru, kisha muulize kwa adabu kama shina lile alilichimba akalipasua. Akisema hakulipasua, panda, usimvunje moyo. Lakini zipande mbali na shamba lako kubwa, na jani la chini likionyesha manjano mishipani, ng'oa shina zima ukalichome.