Usomaji wa Vitabu vya Hadithi Unavyomjengea Mwanafunzi Moyo wa Utu

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii humwonya mtu asiharakishe kuihukumu hali ambayo hajaipitia. Hata hivyo, ndani yake mna swali gumu kwa mzazi na mwalimu: mtoto ataujuaje uchungu wa maisha ambayo yeye hatayaishi? Aliyelelewa na wazazi wote wawili hawezi kuwa yatima kwa siku moja ili ajifunze. Anayeona vizuri ubaoni hawezi kuazima macho ya mwenzake asiyeona. Njia mojawapo iliyo karibu, na isiyo na gharama kubwa, ni kitabu cha hadithi.

Mara nyingi usomaji huhimizwa shuleni kwa sababu ya faida zake za kitaaluma. Mwanafunzi anayesoma sana hupata msamiati mpana, huandika insha zenye mtiririko mzuri na huyaelewa kwa wepesi maswali ya masomo mengine. Faida hizo ni za kweli. Makala haya yanafafanua faida nyingine isiyoandikwa katika ripoti ya mwisho wa muhula, nayo ni uwezo wa mwanafunzi kuihisi hali ya mwenzake na kumtendea inavyostahili.

Kuhurumia na kuhisi pamoja

Ni vyema kutofautisha mambo mawili yanayofanana. Mtu anaweza kumhurumia mwenzake akiwa amesimama mbali: anasikitika, anatoa msaada, kisha anaendelea na safari yake. Huruma hiyo ni njema, lakini anayehurumiwa anaweza kubaki mdogo machoni pa anayemhurumia. Kuhisi pamoja na mwenzako ni hatua ya ndani zaidi. Ni kujiuliza ulimwengu unaonekanaje kutoka pale aliposimama yeye, anaogopa nini, anatamani nini, na kwa nini ametenda alivyotenda.

Hadithi humzoeza msomaji kuichukua hatua hiyo. Taarifa ya kawaida humweleza kwamba jambo fulani limetokea; hadithi humkalisha ndani ya nyumba ya aliyefikwa na jambo hilo. Msomaji huyasikia mawazo ambayo mhusika hakumwambia mtu yeyote, huziona sababu za makosa yake, na hulazimika kusubiri pamoja naye kurasa nyingi kabla ya kuujua mwisho wake. Katika kusubiri huko ndiko anakojifunza kutohukumu mapema.

Jambo hili si geni katika jamii zetu. Kabla ya vitabu kuenea, watoto waliketi jioni mbele ya bibi au babu, wakaitikia "Pakawa!" kila waliposikia "Paukwa!", kisha wakasafiri pamoja na yatima aliyeonewa au mnyama mdogo aliyeandamwa na mkubwa. Kitabu kimeirithi kazi hiyo. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa Rais, alitenga muda wa kutafsiri kwa Kiswahili tamthiliya mbili za Shakespeare. Mojawapo ni Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, ambamo mtu anayedharauliwa kwa sababu ya asili na dini yake anawataka wanaomdharau watambue kwamba naye ana mwili na hisia kama wao.

Watafiti wa saikolojia nao wamelichunguza suala hili. Mwaka 2013, David Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonesha kwamba kusoma kazi ya fasihi kwa muda mfupi tu kunaweza kuongeza uwezo wa mtu kuzitambua hisia za wengine. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo hawakupata matokeo kama hayo. Kilichoendelea kujitokeza ni kwamba watu waliosoma hadithi kwa miaka mingi ndio walioelekea kufanya vizuri zaidi katika vipimo vya aina hiyo, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba usomaji ndio chanzo. Hata kwa tahadhari hiyo, shule inapata funzo moja: kifungu kimoja cha ufahamu kinachosomwa kwa dakika kumi hakitoshi. Kinachohitajika ni mazoea.

Takadini na mwanafunzi wa dawati la mbele

Mfano mzuri umo katika vitabu ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi ya Kiswahili kwa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania. Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson inasimulia habari za Sekai, mwanamke wa jamii ya Washona nchini Zimbabwe, ambaye baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila za jamii yake zinaelekeza mtoto wa aina hiyo auawe. Sekai anakataa. Anatoroka usiku akiwa amembeba mwanawe, hadi anapopata hifadhi katika kijiji kingine, kwa mzee Chivero.

Kwa msomaji wa Tanzania, simulizi hiyo si ya mbali. Nchi yetu imepitia kipindi kigumu cha mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani za kishirikina. Serikali ilichukua hatua mbalimbali, ikiwamo kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi mwezi Januari 2015. Hata hivyo, mwaka 2024 taifa liliomboleza tena mauaji ya mtoto mdogo mwenye ualbino. Sheria humzuia na kumwadhibu mhalifu, lakini jamii huhitaji pia mioyo inayokataa, kama alivyokataa Sekai, kabla uhalifu haujatendeka.

Sayansi inaeleza wazi kwamba ualbino ni hali ya kurithi inayotokana na upungufu wa melanini, kemikali ya asili inayoipa rangi ngozi, nywele na macho. Katika aina zake zilizoenea zaidi, mtoto huirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Ngozi yake huunguzwa haraka na jua, na kwa kawaida uoni wake huwa hafifu. Maelezo hayo yanaweza kukaririwa kwa siku moja. Mwanafunzi aliyetembea na Sekai usiku ule, akahofia kila mlio wa tawi linalovunjika, huyapokea maelezo hayo kwa namna nyingine. Anapomwona mwenzake akikunja uso ili asome ubaoni, anafahamu kwamba mwenzake huyo anahitaji dawati la mbele lisilopigwa na jua, na kwamba kofia yake pana si mapambo. Pia anaelewa kwa nini jina "zeruzeru" linaumiza, na kwa nini inafaa kusema "mtu mwenye ualbino": neno la kwanza katika msemo huo ni "mtu".

Riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo nayo inamweka msomaji katika maisha ya watoto wa mama anayeuza chakula, ambao wanakosa ada na sare, wanarudishwa nyumbani na kuishia kuokota vitu jalalani. Tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi wa leo huenda hajawahi kurudishwa kwa sababu ya ada, lakini anaye mwenzake mwenye sare moja inayofuliwa kila jioni. Kitabu humfundisha kutoicheka sare hiyo.

Vilevile, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Humo yumo Yusuf, mvulana anayetolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma habari hizo humwona mtoto wa rika lake akibebeshwa mzigo ambao hakuutafuta.

Kusoma kitabu chenyewe

Pamoja na utajiri huo, ipo hatari ambayo walimu wengi wanaifahamu. Wapo wanafunzi wanaofanya mtihani wa fasihi bila kukifungua kitabu. Wanachosoma ni muhtasari: orodha ya dhamira, majina ya wahusika na sifa zao, na mifano miwili ya kila hoja. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kueleza kwamba mwandishi wa Takadini amepinga unyanyapaa, akapata alama zote za swali hilo, na kesho yake akakataa kuketi dawati moja na mwenzake mwenye ualbino. Amejifunza jibu, lakini safari ya Sekai imempita.

Uchambuzi wa dhamira, wahusika na fani una nafasi yake katika somo la fasihi. Tatizo huanza pale uchambuzi unapotangulia kusoma, au unapochukua nafasi ya kusoma. Mwalimu anayetaka kitabu kifanye kazi yake kamili hana budi kuhakikisha kwamba kimesomwa chote kwanza, ndipo uchambuzi ufuate.

Yanayoweza kufanyika shuleni

Uhaba wa nakala haupaswi kuwa sababu ya kukata tamaa. Nakala moja mikononi mwa msomaji mzuri inaweza kulihudumia darasa zima, endapo itasomwa kwa sauti kwa dakika kumi na tano kila siku, sura baada ya sura. Njia hiyo humfaa pia mwanafunzi mwenye uoni hafifu anayetatizwa na maandishi madogo, kwa kuwa humfanya aifuate hadithi kwa mwendo ule ule na wenzake.

Baada ya kusoma, maswali yanayoulizwa yabebe uzito. Badala ya kuishia kwenye "Taja sifa tatu za Sekai", mwalimu anaweza kuuliza: "Ungekuwa jirani yake, ungemfungulia mlango usiku ule? Ungeogopa nini?" Anaweza kuwataka wanafunzi wamwandikie mhusika barua, au wasimulie tukio moja kwa kinywa cha mhusika ambaye hawakumpenda. Zoezi hili la pili ni gumu zaidi, na kwa sababu hiyo lina manufaa makubwa.

Tahadhari moja inahitajika. Pale darasani anapokuwapo mwanafunzi ambaye maisha yake yanafanana na ya mhusika, asigeuzwe kielelezo mbele ya wenzake. Mwalimu azungumze naye kabla, na amwachie uhuru wa kuchangia au kunyamaza.

Kwa upande wa upatikanaji wa vitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inaendesha Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, pamoja na maktaba za mikoa. Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa upande wake, inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, kwa lengo la kukuza uandishi na usomaji. Shule zilizo karibu na maktaba zinaweza kupanga ziara za wanafunzi, na zilizo mbali zinaweza kuanza na sanduku moja la vitabu katika kona ya darasa, likiwa na daftari la kuazimia linalotunzwa na wanafunzi wenyewe.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi katika kazi hii. Anaweza kumwomba mtoto amsomee ukurasa mmoja jioni, kisha akamuuliza anadhani mhusika anajisikiaje. Kwa kufanya hivyo anamwonesha mtoto kwamba kitabu kina thamani nyumbani, na anazirejesha zile jioni za hadithi kwa njia mpya. Mzazi mwenye uwezo anaponunua sare na madaftari mwanzoni mwa mwaka anaweza pia kuongeza kitabu kimoja cha hadithi, ambacho mtoto atabadilishana na wenzake.

Kila tarehe 13 Juni dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, na kila tarehe 8 Septemba huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Siku hizo mbili zinaweza kuunganishwa shuleni kwa jambo dogo lisilohitaji bajeti: kuanza kusoma hadithi moja kwa sauti mwezi Juni, na kuhakikisha imekamilika ifikapo Septemba. Kipimo cha mafanikio yake hakitakuwa alama za mtihani peke yake. Kitaonekana asubuhi mwanafunzi atakapoinuka bila kuagizwa, akasogeza dawati lake kutoka dirishani, na kumpisha mwenzake aketi kivulini.