Una minyoo na unanyonyesha? Usimwachishe mtoto ziwa

Mama anayenyonyesha akiambiwa ana minyoo, swali la kwanza huwa: dawa haitamdhuru mtoto?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linawataja wanaonyonyesha kati ya wanawake wanaoweza kupewa albendazole miligramu 400 au mebendazole miligramu 500, kwa dozi moja. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Mtoto aendelee kunyonya.

Hatari kubwa ni kukaa na minyoo. Wakulima wa migomba na maharage Ngara na Biharamulo wanaolima pekupeku waijue safura: hupenya ngozi ya mguu kutoka udongo wenye kinyesi, kisha hunyonya damu kwenye utumbo. Kwa mama aliyepoteza damu akijifungua, uchovu, kizunguzungu na viganja kupauka huweza kuzidi.

Dalili hizo zina sababu nyingi, hivyo usikisie dukani. Pima choo, mayai ya minyoo huonekana kwa darubini. Pima na wingi wa damu.

Ukihisi una mimba nyingine, mwambie mhudumu kabla ya kumeza: dawa hizi hazitolewi miezi mitatu ya kwanza. Baada ya dawa, vaa viatu shambani, la sivyo safura itarudi.